Diskasi wametaga lakini vifaranga hawafiki: dalili, vyanzo na la kufanya

Diskasi, samaki wa mapambo wenye asili ya Amazon, wakifugwa nyumbani hutaga kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Kazi huanza baada ya hapo. Ukiwasikiliza wafugaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, malalamiko ni yaleyale: mayai yamekuwa meupe, mayai yameliwa usiku, vifaranga waliogelea siku moja kisha wakatoweka. Na swali linalofuata karibu kila mara ni "ninunue dawa gani?"

Mimi huuliza kwanza: tatizo limetokea siku ya ngapi? Samaki hawa wana ratiba. Kwenye maji ya nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, mayai huanguliwa baada ya saa 60 hivi. Vifaranga hubaki wamenata palepale wakitikisa mikia kwa siku mbili au tatu nyingine, kisha huanza kuogelea na kwenda kujishika ubavuni mwa wazazi ili wale ute wa ngozi zao. Kila hatua ina maadui wake. Ukiitaja siku, vyanzo vingi umeshavifuta kabla hujatoa hata shilingi mfukoni.

Uwe na vitu vinne kabla ya kuendelea: kipimajoto, kipima TDS (wingi wa madini na chumvi zilizoyeyuka majini), kipimo cha pH (uasidi wa maji) na kipimo cha amonia (sumu itokanayo na uchafu unaooza). Bila hivyo utakuwa unabahatisha, na diskasi hawasamehe ubahatishaji.

Jozi inasafisha chungu cha kutagia lakini haitagi

Mara nyingi ni umri tu. Majike hupevuka wakiwa na miezi 9 hadi 12, madume huchelewa hata kufikia mwaka mmoja na nusu. Kama umri umetimia, jiulize kama ni jozi kweli. Kwa nje dume na jike hawana tofauti ya kuaminika. Uhakika unapatikana siku ya kutaga, mrija unapotokeza chini ya tumbo: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba wenye ncha. Ndiyo maana njia bora ni kununua vijana sita au zaidi, kuwalea pamoja, na kuwaacha wachaguane wenyewe. Anayekuuzia "jozi" ambayo hujaiona ikitaga anakuuzia matumaini.

Kinachofuata kwa wingi ni usumbufu. Tangi lililowekwa sebuleni karibu na televisheni, au kwenye njia ya kwenda jikoni, samaki hawatulii. Funika pande tatu kwa karatasi nyeusi.

Kama yote hayo yako sawa, badilisha nusu ya maji kwa maji laini (yenye madini machache) yaliyo baridi kwa nyuzi mbili hivi kuliko ya tangini, jioni, siku mbili mfululizo. Kwao Amazon, mvua ndiyo huleta msimu wa kuzaa, na majike wengi huitikia mabadiliko hayo.

Mayai yanageuka meupe

Angalia yamegeuka lini na mangapi. Yai lililorutubishwa hubaki na rangi ya asali, angavu, na siku ya pili huanza kuonyesha doa jeusi ndani. Lisilorutubishwa huwa jeupe kama maziwa, kisha huota manyoya ya ukungu. Machache yaliyotawanyika si tatizo. Yote kuwa meupe ndani ya siku moja maana yake hayakurutubishwa. Yakianza vizuri halafu yakaharibika siku ya pili, chunguza maji na ukungu.

Chanzo cha kwanza ni ugeni wa dume. Mizao miwili mitatu ya mwanzo huharibika mara nyingi, na tiba yake ni kusubiri: jozi yenye afya hutaga tena baada ya wiki moja hivi. Usiwatenganishe kwa sababu ya mzao mmoja. Hapa ndipo wafugaji wengi huharibu jozi nzuri kwa kukosa subira.

Cha pili, na kwetu ndicho kikubwa, ni maji magumu. Diskasi mzima anaweza kuishi vizuri kwenye maji ya wastani, lakini mayai yake yanataka maji laini sana. Kwa kutagia, lenga TDS chini ya 150, ikiwezekana 100 au pungufu, na pH ya 6 hadi 6.5. Sasa tazama unapoishi. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na vya karibu na bahari vina chumvi juu yake. Anayetumia maji ya kisima au ya boza huko Dar au Mombasa asishangae mayai yakikataa. Kigoma na Bujumbura wana Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake inakaribia 9. Maji hayo ni neema kwa samaki wa ziwa lile na balaa kwa mayai ya diskasi. Nairobi, ambako sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mabwawa ya milimani kama Ndakaini na Sasumua, mfugaji anaanza na maji laini zaidi, ingawa apime kwanza, kwani nyumba nyingi huchanganya na maji ya kisima.

Kupata maji laini kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya RO, inayochuja karibu madini yote majini, kisha kuchanganya maji yake na ya bomba hadi kipimo kifike unapotaka. Ya pili ni mvua. Iache mvua ya kwanza ioshe mabati na kinyesi cha ndege, kinga inayofuata, ichuje, ihifadhi kwenye pipa safi lililofunikwa. Usikinge kwenye bati lililopakwa rangi ya zamani au lenye kutu.

Sisi wa pwani tuna neema nyingine: majani ya mti wa mkungu. Yachukue yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara na mahali panaponyunyiziwa dawa, yaoshe, na weka jani moja au mawili tangini. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi, pH itashuka kidogo, na ukungu utapungua kasi. Hata hivyo, hayapunguzi ugumu wa maji. Jani la mkungu kwenye maji ya kisima chenye chokaa ni pambo tu.

Simama hapa. Usishushe pH kwa asidi ya betri, siki wala ndimu. Maji magumu yatairudisha pH juu usiku huohuo, na mpando huo wa ghafla huua. Kinyume chake nacho kina hatari: maji ya RO matupu hayana kitu cha kushikilia pH, kwa hiyo inaweza kuporomoka chini ya 5 bila wewe kujua. Pima kila siku unapotumia maji laini sana.

Vyanzo vilivyobaki ni vya nadra zaidi. Filta yenye mkondo mkali hutawanya mbegu za dume kabla hazijafika, basi ipunguze wakati wa kutaga. Majike wawili hutaga pamoja na kulea kwa bidii mayai ambayo hayataanguliwa kamwe. Ukiona mayai mengi kupita kawaida na mirija yote miwili ni minene, umepata jibu. Na kuna madume waliolishwa homoni wakiwa wadogo ili wawe na rangi kali dukani, ambao huweza kuwa tasa. Huyo hana dawa. Tafuta dume mwingine.

Kwa ukungu, methilini bluu husaidia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, lakini toa filta kwanza kwa sababu huua bakteria wanaosafisha maji. Na ujue kwamba haiwezi kufufua yai ambalo halikurutubishwa.

Mayai yalikuwepo jioni, asubuhi hayapo

Giza na hofu. Taa ikizimwa ghafla, wazazi hupoteza chungu chao, hushtuka, na samaki aliyeshtuka hula mayai. Acha mwanga hafifu ukiwaka usiku kucha tangu siku ya kutaga. Usifungue mfuniko kila saa kuchungulia, na watoto wasigonge kioo.

Kama bado yanaliwa, angalia kama kuna samaki mwingine ndani. Jozi inayotaga inatakiwa iwe peke yake kwenye tangi lisilo na mchanga, la sentimita 45 hadi 50 kila upande, lenye filta ya sponji na chungu cha udongo kilichopinduliwa au kipande cha bomba la PVC kilichosimamishwa. Hata kambale mdogo wa kusafisha tangi atayamaliza mayai usiku.

Ikiwa wazazi wenyewe ndio walaji na wamerudia mara tatu au nne, zungushia chungu wavu wa plastiki wenye matundu ya kupitisha maji, usioshika mayai. Wazazi wataendelea kupepea kwa mapezi wakiwa nje, na hamu ya kulea hubaki. Utoe wavu vifaranga wanapokaribia kuogelea.

Wapo wanaotoa mayai na kuyaangulia kwenye chombo kingine, kisha kulisha vifaranga unga wa viini vya mayai ya kuku. Inawezekana, lakini unga huo huchafua maji kwa saa chache, na vifaranga wanakosa ute. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba ute wa diskasi wanaolea una protini na kingamwili zaidi kuliko wa wasiolea, jambo linalokaribiana na maziwa ya mama. Mimi simshauri mtu anayeanza ajinyime msaada huo.

Wameanguliwa, wanatikisika, kisha wanaanguka chini na kufa

Joto kwanza. Umeme ukikatika usiku Arusha au Nairobi, tangi dogo hupoa haraka. Funika tangi kwa blanketi pande zote ukiacha upenyo wa hewa, na uwe na pampu ya hewa ya betri. Pia angalia amonia: mayai yaliyooza palepale chunguni huitoa kwa wingi.

Wachache wakianguka, wazazi huwaokota kwa mdomo na kuwarudisha. Wafugaji wageni huona samaki anameza mtoto na kukimbilia wavu. Subiri. Nusu dakika baadaye utaona anamtema palepale chunguni.

Wanaogelea lakini hawaendi kwa wazazi

Hii ndiyo dalili inayovunja moyo kuliko zote, kwa sababu umefika mbali. Una muda mfupi: akiba ya kiini ikiisha, kifaranga asiyekula ute hafiki mbali.

Anza na unachoweza kuona kwa macho. Vifaranga hufuata kitu cheusi. Mzazi mwenye afya hujitia weusi anapolea, na huo ndio mwaliko. Kama tangini kuna sponji nyeusi, hita nyeusi, waya au mrija mweusi, watoto watakwenda kujishika huko na kufa njaa wakiwa sentimita chache kutoka kwa mama yao. Toa kila kitu cheusi, au kifunike. Filta ya sponji ya rangi hafifu inatosha. Karatasi nyeusi uliyofunikia pande za tangi nayo uibadilishe kwa nyeupe siku hizi.

Pili, kina cha maji. Shusha maji hadi yafunike mapezi ya juu ya wazazi kwa sentimita chache, ili vifaranga wasiwe na pa kutawanyikia. Chomoa hita kwanza, iache ipoe robo saa, uiweke ilale chini kama ni ya kuzamishwa yote. Hita ya kioo ikibaki juu ya maji ikiwa inawaka hupasuka. Punguza hewa ya pampu iwe mapovu machache, kwa sababu mkondo huwachosha.

Tatu, aina ya samaki. Pijoni bladi na diskasi wengine wa rangi nyepesi, wakiwemo albino, hawawezi kujitia weusi. Uzuri wao dukani ndio udhaifu wao kwenye malezi. Suluhisho linalofanya kazi ni kumpandanisha pijoni na mwenzi wa rangi nzito. Vifaranga watamfuata yule mweusi kwanza, kisha wazoee kuhama.

Nne, wazazi hawana ute wa kutosha. Kama ngozi inaonekana kavu, au wamewahi kutibiwa kwa chumvi nyingi na dawa kali siku za karibuni, ute huwa haba. Hakuna njia ya haraka. Walishe vizuri, wape maji safi, na mzao ujao utakuwa bora.

Tano, ugomvi. Wazazi wanaogombania vifaranga huwatikisa hadi wanadondoka. Ukiona mapezi yamechanika, mtoe mmoja, yule mwenye vifaranga wachache ubavuni. Mzazi mmoja anaweza kulea peke yake, ila mlishe zaidi na mtazame ngozi: ikianza kuwa na vidonda, muda wa kuwatoa vifaranga umefika hata kama siku hazijatimia.

Walikuwa mia, ndani ya siku mbili wamebaki kumi

Vifo vya ghafla kati ya siku ya tano na ya kumi na tano ya kuogelea vinakuja mfugaji akishaanza kujisifu. Chanzo kikuu ni amonia, na chanzo cha amonia ni chakula ulichoongeza.

Siku nne au tano za kwanza vifaranga hawahitaji chochote zaidi ya ute. Baada ya hapo huanza kupewa artemia (vidudu vidogo vya majini vya jamii ya kamba) waliototolewa siku hiyohiyo. Artemia wa maji ya chumvi hufa baada ya saa chache kwenye maji yasiyo na chumvi, na wakifa huoza. Kwa hiyo lisha kidogo mara tano au sita kwa siku, na baada ya kila mlo nyonya mabaki kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa, ukitiririsha kwenye ndoo nyeupe ili uone vifaranga walionyonywa kwa bahati mbaya na kuwarudisha.

Kumbuka uhusiano wa amonia na pH. Sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi kila pH inapopanda kwa nafasi moja, na joto huongeza zaidi. Kipimo kilekile ambacho mfugaji wa maji laini ya pH 6 anakivumilia kinaua kwenye pH 8. Kipimo chako kikionyesha rangi yoyote ya amonia na pH imezidi 7, badilisha maji sasa hivi, usisubiri kesho.

Chanzo cha pili ni maji mapya yenyewe. Maji ya bomba yana klorini. Yakae saa 24 na pampu ya hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini, maana kama mamlaka yenu inatumia kloramini, kuyaacha tu hakutoshi. Maji mapya yalingane na ya tangini kwa joto, pH na TDS, yaingie polepole kwa mrija. Kumwaga ndoo moja kwa mkupuo huua vifaranga zaidi kuliko ugonjwa.

Cha tatu ni maganda ya artemia. Kifaranga akimeza ganda gumu, tumbo huziba. Baada ya kutotoa, zima hewa dakika kumi, mulika tochi chini ya chupa: artemia hai hukusanyika kwenye mwanga, maganda huelea. Nyonya wa chini, wachuje kwa kitambaa laini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kwa kutotoa, gramu 25 za chumvi kwa lita, joto la nyuzi 28, hewa nyingi na taa, ndani ya saa 24 hadi 36 wako tayari. Chumvi ya mawe ya pwani inafaa. Na maji safi ya bahari nayo yanafaa, yakichujwa. Kwenye mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi artemia wamepandwa tangu miaka ya 1980, kwa hiyo hii si teknolojia ya mbali.

Cha nne ni minyoo ya matamvua (viungo vya kupumulia) kutoka kwa wazazi. Vifaranga hupumua kwa kasi, hujitenga juu karibu na mapovu, wanakufa kumi kumi. Hapa usitibu kwa kukisia. Prazikwanteli huua minyoo lakini haiui mayai yake, hivyo dozi moja haimalizi kitu, na kipimo cha vifaranga si cha wakubwa. Uliza daktari wa mifugo.

Wanaishi lakini hawakui

Kifaranga aliyelelewa vizuri hukaribia sentimita 5 akiwa na wiki nane. Aliyedumaa ana jicho kubwa kuliko mwili na umbo refu badala ya duara. Sababu ni zilezile kwa mpangilio huu: maji hayabadilishwi vya kutosha, milo ni michache, tangi limejaa. Badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kila siku na punguza idadi. Watenganishe na wazazi kati ya wiki ya pili na ya tatu, wakishajaa matumbo ya rangi ya chungwa kwa artemia bila kutegemea ute. Aliyedumaa miezi mitatu ya mwanzo hataifidia miezi hiyo.

Vifuniko vya matamvua vilivyokunjika au vifupi kwa vifaranga wengi huashiria maji machafu ya wiki za mwanzo. Vikijirudia kila mzao hata maji yakiwa safi, tatizo liko kwenye damu. Usizalishe jozi hiyo tena, na usiwauze watoto wake kama wazazi.

Wazazi wenyewe wanaumwa

Mweusi mwili mzima wakati halei, amejibanza kona, hali: pima maji kabla ya yote, badilisha nusu, pandisha joto polepole hadi nyuzi 31 na ongeza hewa, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Wengi huinuka kwa hayo pekee ndani ya siku mbili.

Kinyesi cheupe chenye nyuzi na kukataa chakula kwa zaidi ya siku tatu huelekeza kwenye vijidudu vya tumboni, ambavyo hutibiwa kwa metronidazoli. Kupumua kwa shavu moja na kujisugua ni minyoo ya matamvua. Katika hali hizi sitisha uzazi, toa chungu.

Acha kujaribu mwenyewe na mwite mtaalamu ikiwa samaki wawili au zaidi wamegeuka weusi siku moja na ute unawavuka kama ngozi, ikiwa kuna vidonda vinavyopanuka, au ikiwa dawa moja imeshindwa na unafikiria kuongeza ya pili juu yake. Viuavijasumu vya duka la dawa za binadamu vinaua bakteria wa filta, na siku ya tatu utakuwa unapambana na amonia pia. Fomalini usiiguse ndani ya nyumba: mvuke wake unadhuru macho na mapafu ya watu. Daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa halmashauri anaweza kukuelekeza penye maabara. Vyuo vyenye vitivo vya tiba ya wanyama, kama Sokoine cha Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Peleka samaki akiwa hai kwenye maji yake mwenyewe. Kama amekufa, awe wa saa chache, juu ya barafu, asigandishwe, kwani vimelea vya matamvua hupotea haraka samaki akishakufa.

Na kuhusu umeme: chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono tangini. Ukihisi mwasho wowote wa umeme kwenye maji, au ukiona hita ina ufa na maji ndani yake, zima swichi kuu, usiguse tangi, mwite fundi umeme. Vifaranga watasubiri.